Dohani Iliyoombewa

Chumba nilichomtengea mama kilikuwa upande wa mbele wa nyumba, chenye dirisha pana linaloutazama mtaa, na katika ukuta wake mmoja palikuwa na meko ya kizamani ambayo hakuna aliyekumbuka yaliwashwa lini mara ya mwisho. Juu ya meko hayo, ndani ya ukuta, dohani ya matofali ilipanda hadi orofa ya pili, ikatoboa paa, ikasimama peke yake katika upepo wa Buffalo, kaskazini mwa Marekani. Moshi haukuwa umepita humo kwa miaka mingi. Kilichopita ni baridi, iliyoshuka kwa njia ya moshi na kutandaa sakafuni, kiasi kwamba hata mwezi wa Mei, ukikaa kitini karibu na meko, vifundo vya miguu vilikujulisha.

Niliishi orofa ya chini ya nyumba hiyo, katika mitaa ya Kensington-Bailey, mwendo mfupi kutoka barabara ya Bailey yenyewe. Orofa ya juu waliishi wenye nyumba: mzee wa kanisa letu, mtu wa Kivu, Kongo, kama sisi, na mke wake. Nilikuwa nasomea uzamivu, nikichunguza jinsi maji yanavyosafiri ndani ya udongo, na kwa kazi hiyo sikuhitaji zaidi ya meza, kitanda na utulivu. Chumba cha mbele nilikiacha kitupu tangu nilipohamia. Majira yale ya kuchipua baba alifariki, na chumba kile kikapata maana.

Baba alifia Louisville, katika mji ambao sisi watoto tulikulia baada ya kutoka kambi ya wakimbizi. Mama alibaki peke yake katika nyumba ya South End, kwenye mtaa ambao wanaume huenda viwandani jua likizama na wanawake husubiri mabasi mapema asubuhi, na ambao duka la pembeni huuza unga wa muhogo na samaki wakavu. Majirani walimpenda, kanisa lilimtembelea, lakini kifua chake hakikuwa kizuri. Miaka ya kupikia kuni ndani ya kibanda cha turubai ilikuwa imeacha kitu humo, na daktari alikuwa amemwambia neno ambalo sote tulilielewa bila kutafsiriwa: asiishi katika nyumba yenye unyevu wala kuvu. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa akiishi katika jengo jipya la ghorofa huko Westerville, kaskazini mwa Columbus, pamoja na mke wake mjamzito, alikubaliana nami kwamba mama asipitishe majira ya baridi peke yake. Hatukukubaliana aende kwa nani. Mama alisema atakuja kuona kwangu, kisha ataamua.

Nilitaka aje kwangu. Nasema hivi wazi kwa sababu wakati ule nililizungushia jambo hili hoja nyingi za hospitali, hali ya hewa na umbali wa kanisa, ilhali ukweli wake ulikuwa mfupi. Tangu nilipoondoka nyumbani kwenda kusoma, sikuwa nimeitwa tena kutoka chumba kingine. Watu walinipigia simu, waliniandikia, walinikaribisha, lakini hakuna aliyeniita akiwa jikoni, mimi nikiwa chumbani, kwa ile sauti isiyoeleza sababu, ambayo mtu huiitika kwanza na kuuliza baadaye. Mama huniita mama mkwe. Nimepewa jina la mama yake baba, na kwa desturi yetu mtoto wa namna hiyo hubeba heshima ya yule aliyemrithi jina, pamoja na utani wake wote. Nilipokuwa mdogo, nikikataa uji, mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba mama mkwe wake hajawahi kusifu mapishi yake tangu ndoa ianze. Baada ya mazishi nililikumbuka jina hilo kuliko nilivyolikumbuka jina langu mwenyewe.

Tangu mazishi hayo, pia, nilikuwa mtu wa kutikisika. Nilikuwa nimefika hospitalini Louisville baada ya kila kitu kwisha, na tangu hapo mlango ukigongwa nilingoja habari mbaya kabla ya kuufungua. Katika semina moja nilinyamaza katikati ya sentensi kwa sababu sikuwa na hakika tena na neno nililokuwa nalo mdomoni. Msimamizi wangu aliniambia nipunguze kasi. Nilichofanya ni kuhamisha umakini wangu wote kutoka kwenye udongo na kuuweka kwenye ukuta mmoja.

Nilisoma kuhusu dohani zisizotumika kama wengine wanavyosoma kuhusu ugonjwa wa ndugu yao. Nilishuka ghorofa ya chini ya ardhi kuhakikisha kwamba mashine ya kupashia nyumba joto na tangi la maji ya moto vilitoa hewa yake chafu kwa bomba jingine kabisa, nikamwita fundi athibitishe, kisha nikashuka tena mwenyewe baada ya fundi kuondoka. Nilimlipa mtu aifagie dohani hadi masizi yake yakajaza ndoo. Na nilijifunza jambo ambalo mwanzoni halikuniingia akilini: kwamba dohani iliyostaafu hufunikwa juu isiingie mvua, na kuzibwa chini isilete baridi, lakini haizibwi kabisa. Juu huwekwa kofia ya chuma yenye nafasi pembeni, chini huachwa tundu dogo lenye wavu, ili hewa kidogo ipande daima ndani ya matofali na kuondoka na unyevu wake. Matofali ya nje hunywa mvua na theluji mwaka mzima. Yakinyimwa hewa, hayana pa kuyatoa maji hayo isipokuwa chumbani.

Mdogo wangu, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, alinipigia simu katika siku hizo.

"Yaya, kwako kuko shimo ya ukutani yenye inafika mbinguni. Kwangu kuko ascenseur, lifti muzuri. Mama atachagua nini?"

"Kwako harufu ya rangi mpya itamuumiza kifua."

"Harufu inaishaka. Shimo haiishake."

"Na mtoto akizaliwa, mama atalala saa ngapi?"

"Ah, yaya, umeanza kampeni!" alisema, akacheka, nami nikacheka, ingawa lilikuwa jambo la kampeni kweli na sote wawili tulijua.

Kosa lilianzia kanisani, na lilianza kwa upendo. Nilimwambia mzee mwenye nyumba, baada ya ibada, kwamba nataka kuishughulikia dohani kabla mama hajafika. Kufikia mwisho wa chai, habari ilikuwa imetangazwa: Jumamosi kutakuwa na salongo kwangu. Salongo ni kazi ya pamoja. Kule nyumbani watu walitoka siku hiyo kuzibua mitaro na kutengeneza njia. Hapa kanisa letu liliitumia kuhamisha makochi, kupaka rangi, kumpokea aliyefika karibuni. Hakuna anayeomba kusaidiwa, na hakuna anayekataa.

Walikuja wanaume wengi kuliko kazi. Walileta saruji, matambara, magunia, na godoro kuukuu la sponji ambalo mtu alikuwa amelihifadhi akisubiri siku ya maana. Mke wa mzee alishuka na sufuria ya maharage. Mimi nilikuwa nimechora dohani kwenye karatasi, ikiwa imekatwa wima, na mishale ya buluu ya hewa. Mzee aliishika karatasi ile kwa heshima, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu.

"Bon. Donc tunafunga ao tunaacha wazi?"

"Tunafunga, papa. Ila tunaacha tundu ndogo chini, na nyingine juu, hewa ipite."

"Tundu ndogo iko tundu," alisema.

Wote wakacheka. Mmoja aliyekuwa tayari ameingiza kichwa ndani ya meko alisema, sauti yake ikitoka kama kisimani: "Baridi ya Buffalo haiombake ruhusa. Inaona tundu, inaingia, inakaa, inaomba chai!"

"Dada yetu, masomo imezidi," akaongeza mwingine. "Mama yako iko anakuja na kifua ya kugonjwa, weye unamufungulia dirisha ndani ya ukuta?"

Nilijaribu tena kuueleza mshale wa buluu, na katikati ya maelezo nikaona ninaeleza peke yangu. Hawakuwa wajinga, wala hawakunidharau. Walikuwa watu walioishi miaka mingi chini ya maturubai, ambao usingizi wao ulitegemea kila upenyo kuzibwa kwa tope, nguo, makaratasi, chochote. Huko tundu liliingiza mvua, mwizi, panya na homa ya mtoto. Mtu aliyepita hapo haachi tundu kwa hiari yake katika ukuta wa chumba cha mgonjwa, hasa cha mama wa mwenzake. Walisokota godoro wakalipandisha dohani kwa mti wa fagio hadi likakwama. Walijaza matambara chini yake. Walijenga matofali kwenye mdomo wa meko na kuyapiga lipu laini kama uso wa meza. Fundi wa paa aliyekuwa miongoni mwao alipanda na kuiziba juu kwa bamba la saruji. Kisha wakasimama nusu duara mbele ya ukuta, wakavua kofia, na mzee akaomba. Aliomba baridi isipate njia. Aliomba mama yangu alale salama. Aliitaja dohani yenyewe, akaikabidhi kwa Mungu. Nilisema amina kwa moyo wote, na kwa muda nikaamini kwamba vitabu vyangu viliandikwa kwa ajili ya nyumba za watu wengine.

Mwanzoni chumba kilikuwa na joto tamu. Nilimwambia mama kwa simu kwamba ukuta wake umeombewa na kanisa zima, akacheka hadi akakohoa, akasema atakuja na sadaka ya huo ukuta. Niliweka kitanda. Niliweka kiti chenye mgongo mrefu, kwa sababu alikuwa akilala nusu ameketi. Nilinunua mapazia ya rangi ya majani, nikayarudisha, nikanunua mengine ya rangi ileile yaliyo mazito zaidi.

Doa lilitokea baada ya wiki za mvua. Kwanza nililichukua kuwa kivuli cha pazia, nikasogeza pazia, kivuli kikabaki. Lilikuwa la kahawia, lenye kingo za manjano, likishuka kutoka darini kando ya mstari wa dohani. Baada ya siku chache rangi ya ukuta ilivimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Ikaja harufu, ya majivu yaliyomwagiwa maji, harufu ya asubuhi za kambini ambazo nilidhani nimezisahau. Nilikiazima kipima unyevu cha maabara, ambacho kazi yake ilikuwa udongo, nikakibandika ukutani, na nikaketi kitandani pa mama nikiwa nimekishika. Nilijua kilichotokea hatua kwa hatua. Mvua iliingia katika matofali ya nje. Mvuke wa nyumba ukaingia kutoka ndani na kupoa. Masizi ya zamani, yenye chumvi zake, yakavuta maji hayo kama sukari inavyovuta. Godoro likanywa. Hakukuwa na hewa ya kuchukua chochote kwenda popote. Katika kona ya chini, nyuma ya kitanda, vidoa vyeusi vya kuvu vilikuwa vimeanza kujipanga.

Mama alipopiga simu akauliza chumba kinaendeleaje, nilimjibu kinaendelea. Alipotaka kunionyesha kwa video kitenge alichonunua, nilihamia jikoni kwanza ili ukuta usionekane.

Nilichelewa kupanda orofa ya juu kwa sababu nilikuwa nikitafuta namna ya kusema. Kubomoa kazi ya salongo ni kuwaambia watu kwamba Jumamosi yao haikuwa na faida. Kubomoa kitu kilichoombewa ni jambo ambalo sikuwa na sentensi yake. Niliandaa utangulizi, nikauandaa tena, na jioni moja kabla ya chakula nikapanda ngazi na kugonga. Mzee alifungua akiwa amevaa soksi, na utangulizi wote ukanitoka.

"Papa, ukuta unalia maji."

Alinitazama, akachukua miwani, akashuka nami bila viatu. Mke wake akatufuata. Mzee aliuweka mkono wake wote juu ya doa, akautoa, akaunusa. Nikaanza kuomba radhi.

"Tuliomba juu ya hii shimo, mwanangu," alisema.

"Najua, papa."

"Kwa jina ya Bwana tuliifunga. Donc sala yetu ilileta maji?"

"Papa," mke wake akadakia kutoka mlangoni, "weye kila Jumapili unaombaka mvua ya baraka. Leo imefika, unashangaa?"

Mzee aligeuka kumkaripia, akashindwa, akacheka akiwa ameushikilia ukuta, na kicheko kile kilinitoa machozi ambayo sikuwa nimeyatoa makaburini. Mke wa mzee alinishika bega. Mzee alifuta mkono wake kwenye suruali.

"Mama anakuja lini?"

Nikamwambia.

"Bon. Kuko wakati. Lakini weye hautafungua peke yako, wala fundi wa mitaani hatafungua. Wenye walifunga njo watafungua. Na tutaomba tena. Hatuwezi kuiacha sala nusu."

Hivyo kukawa na salongo ya pili. Walikuja haohao, na utani ulikuwa mkali zaidi kwa sababu ulikuwa unafunika aibu. Waliniita mwalimu wa maji. Yule wa godoro alidai arudishiwe godoro lake kama lilivyokuwa. Walipovunja matofali na kulivuta, lilishuka zima, jeusi, zito kama mnyama aliyelowa, likamwaga maji ya masizi hadi sebuleni. Kisha mmoja akasema taratibu, "Na mama ya mutu angelala hapa," na kuanzia hapo walifanya kazi bila mzaha.

Safari hii karatasi yangu ilibandikwa ukutani kwa gundi, na kila aliyepita aliufuata mshale wa buluu kwa kidole. Fundi wa paa alivunja bamba la saruji, akarekebisha viungo vya matofali vilivyokuwa vimekwisha kuliwa na theluji, akafunga kofia ya chuma yenye nafasi pembeni na wavu wa kuzuia ndege. Chini tuliziba mdomo wa meko kwa ubao, na katikati ya ubao tukaweka wavu wa chuma usiozidi kiganja. Mzee alichuchumaa akaweka kitambaa chembamba mbele ya wavu. Kitambaa kikavutwa ndani kidogo, kikakaa hapo.

"Inavuta," alisema. "Haisukume. Inavuta."

"Ndiyo, papa."

"Mbona haukusema?"

"Nilisema, papa."

"Haukusema na nguvu," alinijibu, na ndiyo sala pekee ya majuto niliyoisikia siku hiyo. Ile nyingine, ya wote, ilishukuru kwa kufunga na kwa kufungua, na ikamwomba Mungu akaushe.

Alikausha polepole. Niliagizwa na kila nilichosoma nisiharakishe kupaka rangi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilifurahi kuagizwa nisubiri. Nilifuta kuvu, nikakwangua rangi iliyovimba, nikaacha lipu uchi na madirisha wazi mchana. Kila asubuhi kabla ya kwenda chuoni niliweka kiganja ukutani. Nilikuwa na kipima unyevu, lakini kiganja kilikuja kwanza. Kiganja kilipoanza kutoka kikavu, nilipaka chokaa nyeupe, inayoruhusu ukuta kuendelea kutoa maji yaliyobaki. Doa halikufutika kabisa. Likawa kivuli cha rangi ya chai ya maziwa ambacho mtu asiyekijua hakukiona.

Mama alifika mwanzoni mwa Oktoba, kwa basi kutoka Louisville, akiwa na sanduku moja na mfuko wa samaki wakavu ambao basi zima, alisema, lilimtukana kwa macho. Alikuwa amepungua. Alikishika kichwa changu kwa mikono miwili kama anayechagua tikiti sokoni.

"Mama mkwe, unakonda sawa mimi. Nani anakupikia?"

"Mimi mwenyewe."

"Njo maana."

Aliingia chumbani, akavuta pumzi kwa pua, ndefu, kwa makini ya mtu anayelijua pafu lake. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeacha kupumua. Alikaa kitandani, akauona wavu chini ya meko, akainama na kuweka mkono. "Kuna kitu inapita," alisema. Nikaanza kumweleza, na alinisikiliza hadi mwisho, mishale yote, godoro, sala mbili, mvua ya baraka. Alicheka bila kukohoa. Siku zilizofuata alilala vizuri. Asubuhi moja, nikiwa mezani na kazi yangu, aliniita kutoka chumbani kwake, jina tu, la utani, bila sababu, na nilipofika alikuwa ametaka kujua kama ile ni mvua au ni gari. Nilirudi mezani na sikuweza kuandika kitu hadi mchana.

Niliamini nimeshinda. Nilikuwa nimekwisha kufikiria kila jambo. Chakula nilikipika kabla hajaamka. Nguo nilizifua. Ngazi za nje nilizikataza, kwa sababu zilikuwa na majani ya kuteleza. Alipochukua ufagio nilimwambia vumbi si zuri kwa kifua. Alipotaka kwenda dukani Bailey nilikuwa nimekwisha kwenda. Alikuwa akiosha vikombe ambavyo vilikuwa safi, akivipanga, akivitazama. Mke wa mzee alimwalika juu kuchambua mchele, nikapanda kumrudisha ili apumzike, na wanawake wale wawili wakatazamana kwa namna niliyoichukulia kuwa ya kunisifu.

Alinieleza uamuzi wake Jumapili baada ya kanisa, akiwa bado amevaa nguo zake nzuri, kwenye kile kiti chenye mgongo mrefu.

"Chumba kiko muzuri. Nyumba zote nililala tangu nizaliwe, sikulala kwa ukuta mukavu hivi. Lakini nitaenda Columbus."

Nilizungumza. Nilitaja rangi mpya, lifti, kilio cha usiku, mdogo wangu ambaye kazi yake ya ghalani humrudisha amechoka. Aliniacha niseme yote.

"Umeshamaliza?"

"Ndiyo, mama."

"Weye unanipokea sawa mugeni wa ONG, wale wa misaada ya kambi. Ninakaa, ninaangaliwa, chakula inakuja. Hapa kila kitu umeshafanya. Baba yako alipogonjwa nilikuwa na kazi kila saa. Kumugeuza, kumuosha, kumupikia kitu yenye atakataa. Siku moja ikaisha yote. Hii mikono," na akaifungua mapajani, "tangu pale sijue niiweke wapi. Kule kuko mutoto anakuja. Atanilaza macho, ndiyo. Nataka kulazwa macho."

Kulikuwa na ukuta mkavu, na wavu, na kofia ya chuma juu ya paa, na vyote vilikuwa sahihi. Nilimwomba aniruhusu nimpeleke mwenyewe kwa gari, na hilo alikubali.

Tuliondoka siku ya ukungu, ziwa likiwa upande wa kulia bila kuonekana. Hakulala njiani kama nilivyotarajia. Aliuliza mashamba yale ni ya nini, watu wa huku wanakula nini kinachomea, kwa nini nyumba ziko mbali mbali. Nilimjibu nilichojua, na nilichokuwa sikijui nilisema sikijui, jambo ambalo lilikuwa geni kidogo kwangu. Westerville tulifika mchana. Mdogo wangu alitupandisha kwa lifti yake huku akinitazama pembeni kwa furaha aliyojitahidi kuificha, akashindwa, akanikumbatia.

"Yaya, usinichukie."

"Nyamaza. Beba samaki."

Mke wake alikuwa jikoni, tumbo likimtangulia, ameshikilia meza kwa mkono mmoja. Mama hakukaa. Alifunga kitenge juu ya sketi ya safari, akafungua kabati moja baada ya jingine, akauliza nani alificha sufuria kubwa, akalalamika kwamba kisu kile hakiwezi kukata hata maji. Mkwe wake alicheka na kuanza kujibu. Mimi nilisimama karibu na mlango, koti mwilini, ufunguo wa gari mkononi, kwa kuwa nilikuwa nimesema nitarudi mchana huohuo kabla barabara ya ziwani haijawa mbaya, na kesho yake nilikuwa na semina.

"Na weye," mama alisema bila kugeuka, "unasimama pale sawa polisi wa barrière ya barabara? Kaa. Chambua."

Alisukuma mbele yangu lundo la lengalenga, zile mboga za majani ambazo mdogo wangu alikuwa amezinunua asubuhi, bado zina udongo mizizini. Nilivua koti. Nilikaa. Nilichambua kwa uangalifu, nikitenga majani upande mmoja na vijiti upande mwingine, na nilipomaliza mama alikuja, akalipekua lundo langu kwa vidole viwili, akatoa kijiti, akatoa kingine, akanionyesha.

"Professeur, hii ni nini?"

Akazimwaga zote mbele yangu upya na kuniambia nirudie. Nikarudia, jani moja moja, polepole kuliko ilivyohitajika.